Maji ya Ngoma

Nimestaafu kwa sikio, si kwa umri. Nina miaka thelathini na minne, na Mama Shiro, fundi wa nguo tunayepakana naye ukuta hapa mjini Thika, anasema neno "kustaafu" linanipwaya kama koti la kuazima. Lakini daktari alinipima sikio la kushoto, akaniambia mvumo ninaousikia humo hautaondoka, na kwamba nikiendelea kuvaa hedfoni kutwa nzima nikiwinda milio midogo, utazidi. Fundi wa redio asiyejua mvumo upi ni wa redio na upi ni wa kichwa chake ni kama mpishi aliyeungua ulimi: ataendelea kupika, ila mwombee anayekula. Kwa hiyo meza nimewaachia nyinyi wanafunzi wangu wawili. Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Habari za vyeti mtaniwia radhi, kwa sababu hakuna aliyenipa hata kimoja.

Sikufundishwa na mtu. Nilipomaliza shule nilikaa nyumbani kwetu Kamenu bila la kufanya, na juu ya kabati la baba kulikuwa na redio ya mbao iliyokufa kabla sijazaliwa. Niliifungua nikakuta ndani yake valvu, zile taa za kioo zinazowaka taratibu kama makaa na kufanya kazi ambayo siku hizi hufanywa na kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Nilijifunza kwa video za simu. Kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka katikati, kwa hiyo kwa muda mrefu niliamini kila mchoro wa redio una mstari mmoja mrefu ambao hakuna anayeueleza. Nilikuwa naogopa kuuliza. Hiyo ndiyo tabia yangu, na mtaiona ikinigharimu hapa chini: nikisikia kitu nisichokielewa, huwa natikisa kichwa kama niliyeelewa, kisha naenda kuumia peke yangu.

Jambo la pili la kukiri ni kwamba sijui kuacha kazi ikiwa nzuri tu. Mtakumbuka nilivyokuwa napanga skrubu, mifereji ya vichwa vyote ielekee upande mmoja, hata zile za chini ambazo zingeonwa na mende peke yake. Mteja mmoja alinitazama nikifumua solda niliyoiweka jana yake, akaniambia, "Madam, sisi tunataka ilie tu, haiendi kuolewa." Nilicheka naye, na alipoondoka nikaifumua tena.

Vifaa mnavijua. Mita. Bisibisi ya testa, ile yenye kitaa kidogo kinachowaka ukigusa palipo na umeme. Kijiti cha mshikaki cha kusukumia nyaya, maana mbao kavu haipitishi umeme na haina kiburi. Na ile mashine ya mawimbi niliyoinunua mtumba, yenye kioo cha kijani kinachochora sauti ikawa mstari. Nilikuwa nabana kibano chake cheusi kwenye chasisi, yaani lile bati linalobeba kila kitu ndani ya redio, halafu nikaiacha inichoree kutwa nzima. Sikuwahi kusikiliza redio bila mashine hiyo kuitazama pamoja nami. Nilidhani huo ndio uangalifu.

Mwalimu pekee ninayeweza kumtaja ni Mama Shiro, na yeye hajui waya wa moto ni upi. Aliniona siku moja nikirushwa na umeme hadi nikakaa chini. Nilimweleza kwamba kanuni ya watu wa valvu ni kufanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. "Sasa kanuni unaijua na mfuko huna," akasema, na akaishonea dastikoti yangu mfuko upande wa kushoto, mrefu hadi kwenye kiwiko. Mfuko huo nimewaachia pia. Uvaeni.

Sasa kuhusu redio ya Shosho, yule nyanya wa kijiji cha Theta, ambayo ndiyo mliyoniulizia zaidi.

Ililetwa na mwanawe, Juma, mwanaume wa makamo mwenye duka la hadiwea, la vifaa vya ujenzi, huko Ruiru. Ilikuwa imezima kabisa, na ilikuwa ya marehemu baba yake, dereva wa zamani wa shamba la kahawa. Mzee huyo alizaliwa Majengo hapa Thika, hakujua Kikuyu ila cha salamu, na nyumba yake yote ilikuwa ya Kiswahili. Mkewe, mama yake Juma, alikuwa Mkikuyu wa kutoka pande za Gatundu, lakini kwa mambo ya mume wake huzungumza Kiswahili hadi leo, kana kwamba mzee yuko chumba cha pili anasikiliza. Macho yake yalikuwa yamefifia hata akabaki na mwanga na giza tu. "Hii ndiyo kitu anaitisha," Juma aliniambia. "Si TV, si simu. Redio ya Mzee."

Niliifanyia kazi kana kwamba ningezikwa nayo. Nilibadilisha kapasita zote, vile vikopo vya kuweka umeme kwa muda, nikasafisha soketi za valvu kwa mswaki, nikang'arisha mbao. Kwenye meza iliongea taratibu kama mtu aliyeshiba, na mstari wa kijani ulikuwa mnyoofu. Juma akaichukua. Nilifurahi kwa muda mfupi sana.

Alipiga simu akiwa na sauti ya mtu anayejizuia.

"Fundi, ile redio inavuma."

"Inavuma vipi?"

"Kama nyuki kwa chupa. Na Mathe anasema inamng'ata."

"Inamng'ata?"

"Akishika bati ya nyuma. Anasema ni kama siafu."

Niliketi. Lazima mwelewe kwa nini. Shosho, huyo Mathe wake, hakuona taa ya redio. Redio ya valvu huchelewa kuamka, na yeye alijua imeamka kwa kupitisha mkono nyuma na kulishika bati mpaka lipate joto. Alikaa hivyo jioni nzima, kiganja juu ya bati, kama mtu aliyemshika mgonjwa mkono. Na mimi nilikuwa nimempelekea bati lenye umeme. Umeme wa siafu leo, kesho sijui wa nini. Tangu nikate simu ile sikuwa nawaza mvumo. Nilikuwa nawaza kile kiganja.

"Mwambie asiishike," nikasema. "Chomoa plagi. Nakuja."

Nyumba ya Theta ilikuwa nyumba ya zamani iliyozungukwa na mambo mapya. Kuta zilipakwa rangi, ua wote ukatandikwa cabro, yale matofali ya kutandaza nje, hadi chini ya dirisha la sebule, na geti lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Juma ndiye aliyefanya hayo yote, na alinionyesha kabla ya kunionyesha redio.

Shosho alikuwa ameketi karibu na meza ndogo, mikono mapajani, kama mtoto aliyekatazwa.

"Karibu, mami. Ndiye fundi? Nilidhani fundi ni mwanaume."

"Wengi hudhani hivyo, Shosho."

"Basi ni vizuri. Mwanaume angeshasema ni mimi nimeharibu."

Tuliwasha. Valvu zikapata joto, nikazungusha kitufe polepole. Palipokuwa hapana stesheni redio ilikuwa kimya. Nilipofika kwenye stesheni, mvumo ukaingia pamoja na sauti ya mtangazaji, mkali, wa kukwaruza, ukimfunika maneno.

"Unasikia?" nikamuuliza Juma, na swali hilo lilikuwa zito kwangu kuliko alivyojua. Mvumo wa sikio langu ulikuwa umeanza miezi kadhaa kabla ya hapo na sikuwa nimemwambia mtu.

"Si nimekuambia. Nyuki kwa chupa."

Nilishusha pumzi. Angalau huu haukuwa wangu. Nikatia mkono wa kushoto mfukoni, nikaligusa bati kwa testa. Kitaa kikawaka. Si sana, wekundu hafifu kama wa sigara ya mtu aliye mbali, lakini kilikuwa kinawaka, na mahali pale palikuwa pa mkono wa Shosho.

"Hapa usishike tena, Shosho," nikasema. "Hata kidogo."

"Sasa nitajuaje imeamka?"

"Utaisikia."

"Nikiisikia nitakuwa nimeshachelewa salamu ya kwanza." Akageuza uso upande wa dirisha. "Mzee wangu alikuwa anapea ngoma maji kwanza. Jioni, kikombe, hapo nje. Halafu ngoma inatulia, inaongea vizuri. Hata yeye alipoenda mimi nilikuwa naipea tu. Sai nimekatazwa."

Juma akakohoa. "Mathe, wachana na hizo."

Mkimsomea mtu wa pwani hataelewa kilichonipata, kwa hiyo nitaeleza. Kwa Kiswahili ngoma ni ngoma, mnacheza. Lakini kwa Kikuyu, lugha niliyolelewa nayo, ngoma ni mizimu. Ni pepo za waliokufa, wale ambao wazee wa kale waliwamwagia pombe chini ili watulie. Mama yangu ni mama wa kanisa. Neno hilo halikutajwa mezani kwetu hata kwa mzaha. Nilimsikia ajuza Mkikuyu akisema anaipa ngoma maji jioni nje ya dirisha ili itulie, na sikusikia Kiswahili kabisa. Nilisikia matambiko. Nikamwonea haya, nikaona haya kwa niaba ya Juma, nikainamia skrubu zangu na kutikisa kichwa kama niliyeelewa.

Niliibeba redio nikarudi nayo Thika.

Kwenye meza, kimya. Mstari mnyoofu. Hakuna nyuki wala siafu, na testa haikuwaka. Nikabadilisha tena kapasita ambazo nilizibadilisha mwanzoni. Nikapima transfoma kama inavuja. Nikabadilisha valvu moja baada ya nyingine. Nikaondoka kwenye meza, nikarudi ghafla, kama mtu anayetaka kumfumania mwizi. Kimya. Na ndani ya ukimya huo nilikuwa nasikia kitu, chembamba, kushoto.

"Mama Shiro, njoo usikilize. Unasikia mvumo?"

Alikuja na tepu shingoni, akainama. "Nasikia mtu anasoma bei ya kabeji."

"Nyuma ya huyo mtu."

"Nyuma ya huyo mtu nasikia wewe, Wambui, hujala."

Niliirudisha Theta mwenyewe. Nilikuwa nimejiambia kuwa kosa ni la nyumba, basi tukazima kila kitu: balbu zote, chaja za simu, friji, pampu ya maji. Juma akaenda kumwomba jirani azime ua wake wa umeme, na jirani akakubali kwa sharti kwamba tukiibiwa sote tumjulishe. Nikawasha redio. Nyuki walikuwa palepale. Testa ikawaka palepale.

"Kwako inanyamaza, kwangu inalia," Juma akasema. "Fundi, ama ni wewe unavuma?"

Alikuwa anatania. Mimi nikajikuta nimegusa sikio langu la kushoto.

"Sikia," akaendelea, na utani ukaisha. "Mimi siwezi kukaa Ruiru nikifikiria Mathe yuko hapa peke yake na kitu inashtua. Jaribu mara moja tu. Ikilia tena naiweka store, namletea ile ndogo ya memory card."

"Hiyo ndogo mkono wangu hauijui," Shosho akasema.

"Utazoea, Mathe."

"Nimezoea kutoona. Nimezoea cabro. Mwanangu, umeniachia nini nisichozoea?"

Nilipoinua redio kuiondoa, alinyoosha mkono, nami nikajikuta nimerudi nyuma hatua ili asiiguse, ingawa plagi ilikuwa imechomolewa. Aliusikia ule mwendo. Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha ukarudi mapajani.

Sitawaficha jinsi nilivyokuwa baada ya hapo. Nilikuwa nakaa mbele ya redio iliyo kimya nikiiomba ivume. Ubovu unaoonekana ni rafiki. Unaojificha mbele ya fundi na kujitokeza mbele ya kikongwe asiyeona, huo ulinifanya nidhani nina wazimu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia Juma: iweke tu store.

Asubuhi moja umeme wa upande wa Mama Shiro ulikuwa umekatika, wangu upo. Aliingia na pasi mkononi na suruali za mtu begani, na sikumjali. Redio ilikuwa inaongea, safi. Alikuwa anapapasa nyuma ya meza.

Redio ikavuma.

Nyuki, wote, kwa pamoja. Niliruka kiti kikaanguka.

"Umefanya nini?"

"Aii! Kwani nimefanya nini?"

"Umegusa nini?"

"Sijagusa redio yako! Nimechomoa hii TV yako ya mistari, nipate soketi ya pasi. Mwenye suruali yuko njiani, Wambui, ana harusi."

Niligeuka. Kioo cha kijani kilikuwa kimezima. Kibano cheusi kilikuwa bado kimeuma chasisi, lakini waya wake sasa haukuelekea popote.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Redio ikanyamaza.

"Chomoa."

Nyuki.

"Rudisha."

"Wambui, hii ni pasi ama ni mchezo wa watoto?"

Nilimkumbatia na pasi yake. Harusi hiyo natumaini ilifana.

Someni hapa polepole. Kibano cheusi cha mashine ya mawimbi hupitia kwenye pini ya tatu ya plagi yake na kwenda ardhini. Kila nilipokibana kwenye chasisi, nilikuwa naipa redio njia ya ardhini bila kujua. Redio za zamani ziliundwa zikitarajia njia hiyo. Nyuma yake kuna matundu mawili: moja la antena, la pili la waya wa kuzika chini. La pili siku hizi hakuna anayelitumia, na mimi nililing'arisha kwa pamba na kuliacha tupu. Ndani, kapasita moja ndogo hutoka kwenye waya wa umeme hadi kwenye chasisi, kazi yake kumeza kelele na kuzishusha ardhini. Ukikata njia ya ardhini, inachomeza hakina pa kwenda. Kinapanda kwenye bati. Kinavuma kwenye stesheni na kung'ata mkono. Na nyumba ya Shosho ilitandazwa nyaya na fundi wa zamani aliyeweka soketi zenye tundu la tatu kama pambo. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Redio haikuwa na ubovu wowote. Tangu nilipoifufua mara ya kwanza, nilikuwa naitengeneza ikiwa nzima.

Hapo ndipo nikasikia tena sauti ya Shosho, safari hii kwa Kiswahili. Anaipa ngoma maji. Mume wake hakujua Kikuyu. Ngoma ya dereva wa Majengo ilikuwa muziki, ilikuwa redio yenyewe. Na waya wa lile tundu la pili hufungwa kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa, nayo kwenye udongo mkavu haishushi umeme, mpaka udongo uloweshwe.

Nilimpigia Juma.

"Muulize Shosho maji alikuwa anamwaga wapi hasa."

"Fundi, tumeanza mambo ya maombi?"

"Mahali gani hasa, Juma."

"Unajua hiyo maneno ilinisumbua vipi? Watu wa kanisa walikuwa wanapita hapo nje wanasema mama ya Juma anamwagia ngoma. Mimi nilijua ni mchezo ya Mzee, ndiyo aliita redio ngoma. Lakini utaeleza wangapi? Ndiyo nikaweka cabro wakati redio ilikuwa imekufa, nikamwambia awache."

"Hapo chini ya dirisha kulikuwa na chuma?"

Sauti yake ikashuka. "Kulikuwa na kawaya. Vijana wa cabro waliuliza. Niliwaambia wakate."

Kabla ya kwenda nilitoa ile kapasita ndogo nikaweka ya aina ambayo ikifa hukata njia badala ya kuiunganisha, nikaongeza na fyuzi. Msije mkategemea ardhi peke yake. Nilisafiri na waya mpya wa shaba na hofu ya zamani, maana kwenye meza kila kitu changu kilikuwa sawa siku zote.

Juma alikuwa amekuja na mtaimbo kutoka dukani kwake. Tuling'oa cabro chini ya dirisha, ya kwanza, ya pili. Chini ya ya tatu kulikuwa na kichwa cha shaba kimegeuka kijani, na kipande cha waya kilichokatwa kikiwa bado kimefungwa fundo. Fundo lilikuwa zuri sana. Nisingeweza kufunga bora.

Juma alichuchumaa akalitazama. "Na hakuwahi kutuambia ni ya nini."

"Alituambia ni ya kupea ngoma maji," Shosho akasema kutoka dirishani. "Nyinyi mlitaka asemeje?"

Nilikwangua shaba, nikafunga waya, nikaupitisha dirishani hadi kwenye tundu la pili. Udongo chini ya cabro ulikuwa mkavu kama unga. Shosho akatoka akishika ukuta, kikombe cha bati mkononi.

"Mathe, majirani wanaangalia," Juma akasema, na ni kweli, juu ya geti la jirani kulikuwa na kichwa.

"Na waangalie. Nionyesheni mahali."

Juma akamshika kifundo cha mkono, akaupeleka polepole mpaka kikombe kikawa juu ya shimo. Maji yakaingia. Udongo ukayanywa kwa sauti.

Ndani, niliwasha. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni hadi kwenye kiwiko. Valvu zikaanza kupata rangi. Nikagusa bati kwa testa: kitaa kilikuwa cheusi. Nikasogeza testa mahali pengine. Cheusi. Nikagusa kwa mgongo wa mkono wangu mwenyewe, kama tunavyogusa kitu tusichokiamini, ili mkono ukishtuka uruke badala ya kushika. Baridi ya bati tu.

"Shosho," nikasema. "Sasa jaribu."

Alipitisha mkono nyuma. Nilimwona Juma akiushika ukingo wa meza. Kiganja kikatafuta, kikafika, kikatulia. Sauti ikaanza kupanda kutoka mbali, mtu akizungumza, bila nyuki hata mmoja. Nami nikaanza kusema, kwa sababu nikiogopa huwa nasema.

"Ukisikia hata kidogo kama siafu uondoe mkono, Shosho, usingoje, na wakati wa kiangazi kikombe kimoja hakitatosha, na ile kapasita niliyoweka ni ya aina ile ya..."

"Wambui."

"Naam, Shosho."

"Ngoma imetulia. Sasa hata wewe tulia, wanasoma vifo."

Mtangazaji alisoma jina la marehemu, kijiji, watoto wa marehemu mmoja mmoja, kila jina likiwa zima. Juma alikuwa amevua kofia. Baina ya tangazo na tangazo kukawa na ukimya mdogo, na ndani yake nikausikia: mvumo mwembamba, kushoto. Nilimtazama Juma, hakuusikia. Nikamtazama Shosho, kiganja chake kimetulia juu ya bati. Nikatazama testa. Haikuwaka.

Basi ulikuwa wangu. Tangu uanze, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilijua hivyo bila shaka. Tangazo lililofuata likaanza, na mimi nikautoa mkono mfukoni, maana kwenye redio hapakuwa na la kutengeneza tena.